Megahezi 150 za Bure

Jumatatu, Agosti 24, 1998, Intel ilitoa prosesa kadhaa sokoni siku moja, zikiwemo hizi mbili. Ya kwanza ilikuwa Pentium II ya megahezi 450, kinara wa wakati huo, dola 669. Ya pili ilikuwa Celeron 300A ya megahezi 300, dola 149, iliyokusudiwa watu wa mfuko mwembamba: kompyuta ya ofisi, kompyuta ya mwanafunzi, kompyuta ya kuandikia barua. Bei hizo ni za mfanyabiashara anayenunua 1,000 kwa mkupuo, kwa hivyo dukani zilipanda. Tofauti yake ni dola 520. Wakati ule dola moja ilikuwa kama shilingi 60 za Kenya, basi hapo unazungumzia zaidi ya elfu 31. Hiyo si pesa ya kuchezea hata leo.

Wiki chache baadaye habari zikaanza kusambaa kwenye intaneti. Ile ya dola 149, ukibadilisha namba moja tu kwenye mipangilio ya kompyuta, inakimbia megahezi 450. Si 320, si 350. Ni 450 kamili, sawa na dada yake wa dola 669, na mara nyingi kwa feni ya kawaida tu. Kwenye michezo kadhaa zilikuwa bega kwa bega. Kuna mahali ile ya bei rahisi ilitangulia kidogo.

Ovakloki, ndivyo wenyewe wanavyouita mchezo huu wa kuikimbiza prosesa kupita namba ya kiwandani. Mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya vijana wenye kompyuta za vioo na mataa ya rangi, wanaoshindana nani ana mashine kali. Sawa, hao wapo. Lakini ukiifuata hadithi yenyewe miaka arobaini na ushee, utaona ni ugomvi wa mali. Kati ya kasi uliyouziwa na kasi ambayo chipu inaweza, kuna nafasi. Nani mwenye nafasi hiyo: aliyeitengeneza au aliyeinunua?

Hebu tuanze na saa. Ndani ya kila kompyuta mna kipande kidogo cha kristali kinachotetemeka kwa mwendo usiobadilika, na kila mtetemo ni pigo la ngoma. Megahezi moja ni mapigo milioni moja kwa sekunde. Pigo likilia, umeme unapita kwenye safu za transista, unageuzwa huku na kule, kisha unatulia na jibu linapatikana. Pigo linalofuata linalichukua jibu hilo na kuendelea. Sasa ukiharakisha ngoma, itafika mahali pigo jipya linalia kabla jibu la awali halijatulia. Prosesa haijui kwamba jibu ni bichi. Inalibeba hivyo hivyo na kusonga mbele. Shika jambo hilo, maana mbele ndilo litakaloleta shida yote.

Kompyuta ya kwanza ya IBM ya watu binafsi, ya Agosti 1981, ilikuwa na prosesa ya Intel 8088 ikikimbia megahezi 4.77. Ukiiangalia namba hiyo unajiuliza ilitoka wapi, kwa sababu kiwanda chenyewe kiliipitisha 8088 kwa megahezi 5. Jibu liko kwenye televisheni. Runinga za rangi za Marekani zilitumia mawimbi ya rangi ya karibu megahezi 3.58. IBM ilitaka kristali moja ihudumie runinga na prosesa pamoja, ikachukua ya megahezi 14.318, yaani mara nne ya hiyo ya rangi, kisha ikaigawa kwa tatu kupata kasi ya prosesa. Ndiyo 4.77 hiyo. Kwa ufupi, namba ya kwanza kabisa ya ukoo huu wa kompyuta haikuhusiana na uwezo wa chipu. Ilikuwa hesabu ya kuokoa kristali.

Mwaka 1984 ikaja IBM AT, megahezi 6, na kristali yake ya megahezi 12 ilikuwa imechomekwa tu kwenye ubao mama. Watu wakaing'oa, wakachomeka ya 16, mashine ikapanda hadi 8. Wengine wakaweka ya 18 wakapata 9. Kipande hicho kiligharimu dola chache. IBM haikufurahi. Ikabadilisha bayosi, ile programu inayoamka kwanza ukiwasha kompyuta, ikawekewa jaribio la kupima mwendo: ikikuta mashine inakwenda kasi kuliko ilivyouzwa, inakataa kuendelea kuwaka. Halafu 1986 IBM yenyewe ikaanza kuuza AT ya megahezi 8. Ni kama mama mwenye nyumba anayekukataza kufungua chumba cha pili, kisha mwaka unaofuata anakukodisha hicho hicho.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza kufuli kuonekana. Zitakuja nyingine.

*

Kuelewa kwa nini nafasi hiyo ipo, fikiria kahawa. Mkahawa mmoja huko Nyeri unazaa buni za kila saizi, na kiwandani zinachekechwa: hizi AA, hizi AB, hizi nyingine. Chipu nazo huchongwa mamia kwa pamoja kwenye sahani moja ya silikoni, na hakuna mbili zinazofanana kabisa. Zinapimwa moja moja. Inayostahimili mapigo mengi inapewa namba kubwa na bei kubwa, iliyo dhaifu inapewa namba ndogo.

Shida ni kwamba mavuno yakiwa mazuri sana, karibu buni zote zinatoka AA, ilhali wateja wengi wanataka AB kwa sababu ndiyo wanayoimudu. Kwenye kahawa huwezi kuipunguza buni kubwa iwe ndogo. Kwenye chipu unaweza. Unaandika 300 juu ya kitu kinachoweza 450, unakifunga, unauza. Namba ya juu ya chipu inakuhakikishia kwamba haitashindwa chini ya hapo. Haisemi chochote kuhusu inapoishia.

Walioligundua hilo mapema zaidi walikuwa matapeli. Kuanzia prosesa ya 486DX2 ya 1992, kasi ya ndani ilipatikana kwa kuzidisha mwendo wa ubao mama kwa namba fulani, kizidishi. Ukiongeza kizidishi, kasi inapanda. Basi miaka ya tisini, wakati wa Pentium, kukawa na biashara ya kununua prosesa za bei ya chini, kufuta maandishi juu yake, kuandika namba kubwa zaidi na kuziuza kama za bei ghali. Fundi yeyote wa Luthuli Avenue anaielewa biashara ya aina hiyo bila kuelezwa mara mbili. Intel ikajibu kwa kukifunga kizidishi ndani ya chipu yenyewe, na sababu iliyotoa ilikuwa hao matapeli. Sababu ya kweli, nadhani, na pia yenye faida: kufuli lile lile lilimfungia nje hata mwenye chipu yake halali.

Celeron 300A ilikuwa imefungwa hivyo. Kizidishi chake kilikuwa 4.5, hakibadiliki. Lakini kuzidisha kuna pande mbili. Ubao mama ulikuwa ukiipa megahezi 66, na 66 mara 4.5 ni 300. Pentium II ya 450 ilikuwa ikipewa 100, na 100 mara 4.5 ni 450. Kizidishi kimefungwa, sawa, lakini mwendo wa ubao mama hauko ndani ya chipu. Uko kwenye ubao, na ubao haukutengenezwa na Intel peke yake.

Hapa ndipo Abit inapoingia. Ilikuwa kampuni ya Taiwan, si kubwa sana, na ilikuwa imegundua kitu kimoja kuhusu wateja wake: hawapendi kufungua kasha na kuhamisha vijipini vidogo kwa koleo kila wanapotaka kubadilisha kasi. Ikawawekea menyu ndani ya bayosi, ikaiita SoftMenu. Unabonyeza mishale ya kibodi, unachagua 100 badala ya 66, unahifadhi, unawasha upya. Ubao uliopata jina na Celeron hii ni Abit BH6. Waliokuwa na mbao nyingine walitumia njia ya jua kali kabisa: kwenye ukingo wa prosesa kuna mguso mmoja uitwao B21, ambao ndio unaouambia ubao "mimi ni wa 66". Ukiufunika kwa kipande chembamba cha selotepu, ubao unaamini prosesa ni ya 100. Selotepu ya senti, thamani ya dola 520.

Na kwa nini ilikubali? Sababu ni ya kuchekesha kidogo. Miezi michache nyuma, Aprili 1998, Intel ilikuwa imetoa Celeron ya kwanza, ya megahezi 266, ikiwa imeondolewa kashe yote ya pili. Kashe ni kumbukumbu ndogo ya karibu inayomwokoa prosesa asiende sokoni kila mara anapotaka chumvi. Bila hiyo mashine ilikuwa nzito, na waandishi wa mambo ya kompyuta wakaisema vibaya. Intel ikarekebisha, ikaiweka kashe ya kilobaiti 128 ndani ya chipu yenyewe, ikikimbia kasi ileile ya prosesa. Pentium II ya bei ghali ilikuwa na kilobaiti 512, lakini kwenye chipu tofauti kando yake, zikikimbia nusu kasi. Chipu hizo za kando ndizo zilizochoka mapema ukijaribu kuongeza mwendo. Celeron haikuwa nazo. Kwa kujaribu kuinusuru bidhaa yake ya chini, Intel ilitoa kitu ambacho kwa namna fulani kilikuwa bora kuliko bidhaa yake ya juu, halafu ikakiandikia 300.

*

Habari hizi hazikupitia magazeti ya biashara. Zilipitia tovuti za watu wachache: Thomas Pabst, daktari wa tiba kutoka Ujerumani aliyekuwa akipima prosesa badala ya wagonjwa, au Anand Lal Shimpi, aliyeanzisha yake 1997 akiwa na miaka 14. Watu walichunguza hata nchi ambako prosesa ilifungwa, Malaysia au Costa Rica, kama wachezaji wa bahati nasibu wanavyochunguza tiketi. Kuna waliopata 450 bila jasho, na kuna walionunua ileile wakakwama.

Na hapa kuna sehemu ambayo masimulizi mengi huiruka haraka. Kufika 450 ni dakika mbili. Kujua kama umefika kweli ni kazi ya siku.

Ule ubao mama haukuendesha prosesa peke yake. Mwendo wake uligawanywa kuendesha pia kadi na diski, ambazo zilitarajia megahezi 33. Kwenye 66, mgawo ulikuwa nusu: 33, safi. Kwenye 100, mgawo ulikuwa theluthi: 33 tena, safi. Lakini mtu mwoga aliyesema "wacha nisiwe na tamaa, nipande hadi 83 tu" alibaki kwenye mgawo wa nusu, na kadi zake zikapata zaidi ya 41. Prosesa iliona raha. Diski ndiyo iliyokuwa ikiandika upuuzi polepole, faili moja leo, nyingine kesho. Aliyeruka mbali alikuwa salama kuliko aliyeruka karibu. Ukitegemea busara ya kawaida, ungepoteza kazi yako ya muhula mzima.

Ndiyo maana neno linaloheshimiwa kwenye mchezo huu si kasi, ni uthabiti. Kompyuta inayozima ghafla ni mwaminifu, imekuonyesha. Ya kuogopwa ni inayoendelea kufanya kazi ikitoa majibu mabichi, yale tuliyoyaona kwenye ngoma iliyoharakishwa. Picha inafunguka, hesabu inajumlishwa, hakuna kengele. Utajuaje?

Kipimo kilichokubalika kilitoka mahali ambapo hakuna aliyetarajia: kwa watu wanaotafuta namba tasa kubwa. Mwaka 1996 George Woltman alianzisha mradi wa kuunganisha kompyuta za watu wa kujitolea kutafuta namba tasa za Mersenne, na programu yake ikaitwa Prime95. Hesabu hizo huchukua siku hata wiki, na kosa la tarakimu moja linaharibu yote, kwa hivyo programu ilijifunza kujikagua. Ina jaribio la mateso: inaipa prosesa hesabu ambazo majibu yake yanajulikana tayari, tena na tena, ikilinganisha. Jibu likikosewa, inasimama na kukuambia mashine yako ina kasoro. Vijana ambao hawakuwa na habari na Mersenne wakaiacha ikikimbia usiku kucha. Asubuhi ukikuta haijasimama, unapumua. Ukikuta ilisimama saa tisa usiku, unarudi kwenye menyu, unapunguza kasi kidogo au unaongeza volteji kidogo.

Volteji ndiyo iletayo joto. Kanuni yake ni fupi: joto la chipu hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa volteji mara volteji. Celeron 300A ilitoa karibu wati 19. Ipeleke 450 kwa volteji ileile ya 2.0, unapata kama 28. Ongeza volteji hadi 2.2 ili itulie, unafika karibu 35. Asilimia 10 tu ya volteji imeongeza joto kwa kama moja ya tano. Na transista ikipata moto inakuwa mvivu na kuvujisha umeme, kwa hivyo inahitaji volteji zaidi, ambayo inaleta joto zaidi. Mzunguko huo unavunjwa kwa kulitoa joto nje: bati kubwa zaidi, feni yenye nguvu, dawa ya kupozea iliyopakwa nyembamba kati ya chipu na bati (wengi huipaka kama siagi ya mkate, ambalo ni kosa, kwa sababu kazi yake ni kuziba vinyweleo vya chuma tu).

Feni haiwezi kuipoza chipu chini ya joto la chumba. Mombasa chumba kina nyuzi 30, Nairobi 22, basi Nairobi ina nafuu ya nyuzi 8. Ila hewa ya Nairobi, mita 1,700 na kitu juu ya bahari, ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo zaidi ya kubeba. Mlima unakupa na mlima unakunyang'anya. Kuna waliochoka na hewa wakaenda kwenye maji, na wachache wakaenda kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha heliamu. AMD ilitumia heliamu 2011 kuifikisha prosesa yake ya FX gigahezi 8.429 na kuingia kitabu cha Guinness. Hayo ni maonyesho, mazuri ya kutazama, hayadumu muda wa kuchemsha chai. Hayana uhusiano na mtu aliyetaka kuokoa dola 520.

*

Mwaka 2000 mchezo uliingia kwenye kilele chake, na pia ndipo ulipoanza kuhama mikono.

Upande wa AMD, Duron na Athlon za soketi mpya zilikuwa na kizidishi kilichofungwa kwa kukata vidaraja vidogo vya metali juu ya uso wa chipu. Vidaraja vilionekana kwa macho. Mtu akajaribu kuviunganisha kwa penseli ya kawaida, kwa sababu risasi ya penseli hupitisha umeme, na kufuli likafunguka. Penseli! Ile ya mtihani. Baadaye AMD ikaanza kukata kwa leza kwa kina kiasi cha kuacha mashimo, na watu wakajifunza kuziba mashimo kwa gundi kwanza ndipo wachore juu yake. Kufuli na ufunguo, ufunguo na kufuli.

Lakini mwaka huo huo kampuni zenyewe zilikuwa zikikimbizana. AMD ilitangaza gigahezi 1 Machi 6, Intel Machi 8. Julai 31, Intel ikatoa Pentium III ya gigahezi 1.13. Thomas Pabst, yule daktari, akaipima na ikamkatalia. Alipoipa kazi ya kuunda kiini cha Linux kutoka kwenye msimbo wake, kazi ndefu isiyosamehe kosa, haikumaliza. Kyle Bennett wa Marekani naye akaona matatizo. Intel mwanzoni haikukubaliana, kisha ikajaribu yenyewe, ikaona, na mwishoni mwa Agosti ikaziita prosesa zote zirudi. Ukiitazama kwa utulivu, kilichotokea ni ovakloki iliyofeli. Tofauti ni kwamba safari hii aliyeibofya menyu alikuwa kiwanda, na waliokesha na jaribio la mateso walikuwa wateja.

Nafasi ilikuwa inakwisha. Mwaka 2001 Patrick Gelsinger, afisa wa juu wa Intel, aliwaambia wahandisi wenzake kwamba chipu zikiendelea hivi, joto lake kwa kila sentimita litafikia la kinu cha nyuklia na kuendelea. Mwaka huo huo tovuti ya Pabst ikaonyesha video ya prosesa zikiondolewa bati la kupozea zikiwa kazini: Pentium 4 ikapunguza mwendo na kuendelea, Athlon ikafuka moshi. Intel ilikuwa imeweka kipimajoto na breki ndani ya chipu. Wengi waliicheka AMD. Mimi naona lililokuwa kubwa zaidi ni hiyo breki, kwa sababu ilimaanisha chipu sasa inajua hali yake na inaamua mwendo wake.

Oktoba 2004 Intel ikafuta mpango wa Pentium 4 ya gigahezi 4. Ilikuwa imeshindwa na joto. Mkurugenzi wake mkuu, Craig Barrett, alipiga magoti jukwaani mbele ya mkutano wa wateja kuomba radhi, nusu utani. Kuanzia hapo badala ya prosesa moja ya haraka tukaanza kuuziwa mbili, nne, nane kwenye chipu moja.

Mwaka 2008 zikaja prosesa za Core i7 na kitu kiitwacho Turbo Boost: chipu ikiona haina joto na kazi si nyingi, inajiongezea kasi yenyewe. Ile nafasi ya zamani, ambayo kijana wa selotepu aliipata bure, kiwanda kimeichukua na kuiandika kwenye boksi. Sina kinyongo sana na hilo. Mama anayeandika barua naye anaipata bila kujua B21 ni nini, na hiyo ni haki ambayo ovakloki haikuwahi kumpa.

Kinyongo changu kiko kwingine. Mwaka 2010 Intel ilijaribu kuuza Pentium iliyofungwa sehemu ya uwezo wake, pamoja na kadi ya dola 50 dukani. Unakwangua kadi, unaingiza namba, kashe zaidi inafunguka. Yaani kama kredo ya simu, ila unachojaza kilikuwa tayari ndani ya kitu ulichonunua. Mradi ulipigwa makelele, ukafa mwaka uliofuata. Lakini wazo lilibaki kwa sura ya heshima zaidi: Januari 2011 zikatoka Core i7-2600 kwa dola 294 na i7-2600K kwa dola 317. Gigahezi 3.4 zote. K inamaanisha kizidishi kiko wazi, na njia ya zamani ya kuongeza mwendo wa ubao mama sasa ilikuwa imezibwa karibu kabisa. Dola 23 ndiyo ikawa bei ya ruhusa. Abit haikuwepo kuona. Ilikuwa imeacha kutengeneza mbao za mama mwisho wa 2008.

Kisha hata hiyo ruhusa ikapungua thamani. Mwaka 2023 Intel ilitoa Core i9-14900K, inayojipandisha yenyewe hadi gigahezi 6 na kuruhusiwa kula wati 253. Linganisha na wati 19 za Celeron. Watengenezaji wa mbao za mama nao, wakishindana nani ataonekana wa haraka kwenye vipimo, waliziuza zikiwa na mipaka ya umeme imelegezwa tangu dukani. Mnunuzi hakugusa menyu yoyote. Alichomeka, akawasha, akacheza.

Michezo ikaanza kuanguka, hata kwa wenye i9-13900K ya mwaka uliotangulia. Ujumbe uliotokea mara nyingi ulisema kumbukumbu ya kadi ya picha imejaa, basi watu wakalaumu kadi za picha, wakazibadilisha, tatizo likabaki pale pale. Ilikuwa prosesa. Mchezo ukifunguka hupanua faili zilizobanwa, na kupanua faili ni kama Prime95: tarakimu moja ikikosewa, haikubali. Mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba prosesa za vizazi vya 13 na 14 zilikuwa zikiomba volteji kubwa kupita kiasi, na kwamba volteji hiyo pamoja na joto ilikuwa ikichakaza sehemu ya saa ndani ya chipu. Ndiyo, saa, mpiga ngoma mwenyewe. Agosti ikatoa rekebisho la programu, na kabla ya hapo ilikuwa imerefusha dhamana kwa miaka miwili. Rekebisho linazuia uchakavu mpya. Chipu iliyokwisha kuchakaa hairudi.

Waathirika wengi hawakuwahi kuovakloki kitu maishani mwao. Wakati wanasubiri rekebisho, walijifunza njia: unawasha, unabonyeza kitufe cha kuingia bayosi, unatafuta ukurasa wa kasi na volteji, ule ule ambao Abit iliubuni kwa ajili ya watu wa Celeron. Kisha unabonyeza mshale wa chini. Gigahezi 5.7. 5.5. 5.3. Unahifadhi, unawasha upya, unaacha jaribio likimbie usiku, na asubuhi unaangalia kama limesimama.